Kuku wa Mayai na Nafaka: Kweli au Porojo?

Ukifuga kuku Kahama hukosi washauri: jirani, muuza vifaranga, hadi dereva wa bodaboda. Bila shaka haya umeshayasikia.

"Mshibishe mahindi, mayai yatamiminika."
Porojo. Kuku wa mayai anahitaji kama kilokalori 300 za nishati kwa siku, na gramu 90 za mahindi zinampa zote. Kasheshe ni kwamba kuku hula mpaka nishati imtoshe, kisha anaacha. Kwenye gramu hizo 90 amepata protini gramu 7 au 8, ilhali anahitaji kama 17. Kalsiamu ndiyo usiseme: ganda la yai moja hubeba gramu 2 hivi, na mahindi hayo hayampi hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Bila mashudu, dagaa na chokaa, utagaji unashuka, na nishati iliyokuwa ya mayai inageuka mafuta.

"Kuku mnono hatagi."
Kweli, na wazee walilijua hili bila maabara. Mafuta yakizidi hujaa tumboni na kwenye ini, na ini hilo likipasuka kuku anakufa ghafla, pengine huku manyoya yake yanang'aa.

"Mtama unakata mayai."
Inategemea mtama gani. Mtama mweupe una nishati inayokaribia ya mahindi, na protini yake mara nyingi huzidi kidogo. Wenye shida ni ule wenye tanini nyingi, ambayo hushikana na protini isisagike vizuri tumboni. Wakulima waliupenda kwa sababu hiyohiyo: kweleakwelea hawaufurahii. Usihukumu kwa rangi tu, maana ipo mitama myekundu isiyo na tanini. Tafuna punje chache. Zikikukausha mdomo, usimjazie kuku.

"Kiini cheupe, yai halina nguvu."
Porojo. Unjano wa kiini hutoka kwenye majani na mahindi ya njano. Mahindi yetu ni meupe. Watupie mchicha, rangi itarudi. Ila kiini kikigeuka kijani-kahawia baada ya yai kukaa, shuku mashudu ya pamba, ambayo ukanda huu hayaadimiki. Yana gosipoli, na ndiyo inayochafua kiini.

"Pumba za mpunga zinatosha, tena ni rahisi."
Rahisi, sawa. Kutosha, hapana. Mashine inayokoboa mara moja huchanganya pumba na maganda yaliyosagika. Kuku anajaza gole kabla hajapata nishati yake. Pumba laini tupu ni nzuri kwenye mchanganyiko, lakini zina mafuta yanayochacha upesi, kwa hiyo nunua za wiki hii. Kabla hujalipa, chota kiganjani usugue. Zikikuchoma kwa vipande vya maganda, waachie wachoma matofali.