Mfungo Unapokuwa Ugonjwa
(Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 8:40–56)



Katika somo letu binti Yairo, mwenye miaka kumi na miwili, anafufuliwa. Wazazi wanashangaa mno. Lakini Bwana Yesu ana agizo moja zaidi: mtoto apewe chakula. Leo tuseme juu ya vijana wanaokataa chakula.

Madaktari huuita ugonjwa huu anoreksia nevosa, jina lililotolewa na daktari William Gull wa London katika makala iliyochapishwa mwaka 1874. Mgonjwa hujinyima chakula hata akakonda kupita kiasi, na mara nyingi huogopa sana kunenepa. Ukimwuliza, husema hana shida. Huwapata zaidi wasichana, ingawa wavulana nao hawakosi. Si ukaidi, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa akili unaoharibu mwili, tena ni mmojawapo wa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Wengine watasema, “Hayo ni ya Wazungu.” Kweli, mwaka 2004 madaktari Njenga na Kangethe waliandika juu ya ugonjwa huu hapa Kenya, wakauona kuwa wa nadra. Lakini nadra si kusema haupo. Mwaka huohuo ulichapishwa uchunguzi kutoka shule mbili za sekondari huko Ghana. Wasichana 668 walipimwa, na 10 kati yao walikuwa wamekonda sana kwa sababu moja tu: kujinyima chakula. Hawa hawakuwa na hofu ya unene. Wote waliitazama njaa yao kwa jicho la dini, kama ushindi juu ya mwili.

Ndugu zetu, hapo ndipo Kanisa linapoguswa. Msichana kama huyo akija kwetu Kericho au Bomet, je, hatutamsifu kwa kufunga?

Basi tutamtambuaje? Mfungo wa kweli una mwanzo na mwisho, na aliyefunga hufungua kwa shukrani. Mgonjwa hawezi kufungua. Hula peke yake au huficha chakula, huona baridi hata jua likiwaka, huzimia, na hedhi yake hukoma. Mpelekeni hospitali. Bomet iko Tenwek, na Kericho iko hospitali kuu ya kaunti. Daktari atatafuta kwanza sababu nyingine za kukonda: kifua kikuu, kisukari, Ukimwi, ugonjwa wa tezi ya shingo.

Ninyi wakulima wa chai mnajua kwamba majani hayakisiwi kwa macho. Hupimwa kituoni, na kilo zikaandikwa siku ileile. Mgonjwa naye apimwe uzito na urefu, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na chumvi za damu, na yote yaandikwe pamoja na maneno yake mwenyewe juu ya chakula. Itumike mizani ileile, naye awe na nguo nyepesi, maana wako wanaokunywa maji mengi kwanza au kuficha vitu vizito mfukoni. Kipimo kimoja chaweza kudanganya, lakini vipimo vya majuma kadhaa vikipangwa pamoja huonyesha anakoelekea.

Tena, wazazi, msimjazie sahani kwa ghafula. Mwili uliozoea njaa ukishibishwa haraka, chumvi za damu kama fosfeti hushuka, na moyo waweza kusimama. Aliyedhoofika sana alazwe, alishwe kidogo kidogo chini ya uangalizi. Baadaye, akiwa kijana wa nyumbani, wazazi huongozwa na mtaalamu kusimamia kila mlo, kwa uthabiti na bila matusi. Hakuna kidonge kinachoponya peke yake. Kazi hii huchukua miezi, hata miaka, lakini wengi hupona.

Nasi wachungaji tuna neno letu. Kijana akitwambia anafunga kwa ajili ya Mungu, naye anadhoofika, tusimwache na dhamiri yake peke yake. Tumwambie wazi: “Mwanangu, mfungo wako umekwisha. Kula ni utii.” Kisha tufuatane naye na wazazi wake hadi kwa daktari.

Tuombe. Ee Bwana, utufumbue macho tuwaone watoto wetu wanaokufa njaa penye chakula, utupe subira ya kukaa nao mezani. Amina.