TUMKUMBUKE FLORIBERT: CHAKULA KILICHOHARIBIKA SI CHA KUUZA



Tumezoea kuwaeleza hapa juu ya vumbi la shimoni na kofia ya kazi. Leo tumkumbuke kijana mmoja wa Goma, kwani alikufa kwa ajili ya chakula cha watu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio walimjua kuwa rafiki mkarimu. Watoto wa mtaani, wale maibobo tunaowafukuza sokoni, yeye aliwakaribisha na kuwasaidia wasome.

Mwaka 2007 alitakiwa apitishe mpakani mchele ulioharibika. Aliahidiwa pesa, akakataa. Alitishwa, akakataa tena. Tarehe 7 Julai alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri.

Msomaji, ukarimu wake mpakani ni ule ule wa mtaani. Mchele wa bei ndogo hununuliwa na nani, kama si maskini na watoto wao?

Pengine utasema: chakula kibaya kikichemshwa sana kinafaa. Sivyo! Ukungu unaoota katika mahindi, karanga na hata mchele unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Moto wa jikoni hauimalizi, wala kuosha na kuanika upya hakutoshi. Sumu hiyo huharibu ini, na anayeila miaka mingi anaweza kupata kansa ya ini.

Basi shikeni haya:

1. Kausheni vizuri mahindi na karanga kabla ya kuyaweka. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, lisiguse udongo.

2. Mkiona ukungu au mkisikia harufu mbaya, tupeni. Msichanganye na nafaka nzuri, wala msiwape kuku.

3. Mkebe uliovimba msiufungue wala kuuonja.

4. Anayetapika au kuhara baada ya kula, na mwenye macho ya manjano, aletwe dispensari mapema. Asingoje zamu iishe.

Tunajua kutupa gunia kunauma, hasa mshahara ukiwa bado. Lakini ukimuuzia jirani gunia hilo kwa bei ndogo, hukumsaidia, umemuuzia ugonjwa.

Hapa Bunia bidhaa nyingi hutufikia kwa njia ya Mahagi na Kasenyi. Zikishapita kwa wakaguzi, mkaguzi wa mwisho ni wewe mwenye duka, na wewe mama unayepepeta mchele. Floribert alikataa mbele ya kifo. Sisi tunaombwa tu kukataa sokoni na jikoni.

Tulinde afya ya jirani kama yetu wenyewe.