Serikali Ilipolipa Wachoraji Wachore Mablanketi

Februari 1940, mjini Coral Gables, Florida, Magnus Fossum alipigwa picha akiwa ameketi na brashi mbele ya blanketi lililofumwa mwaka 1770. Kazi yake ilikuwa kulinakili kwa rangi za maji, uzi kwa uzi, mpaka anayetazama karatasi atamani kulipapasa.

Mwajiri wake alikuwa serikali. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umewaacha wasanii wengi wa Marekani bila kipato, na mradi wa taifa wa sanaa, chini ya Holger Cahill, ukawapa kazi. Wazo la kuchora vyombo vya nyumbani lilitoka maktaba ya umma ya New York. Romana Javitz, msimamizi wa picha pale, alichoka kuwaona wabunifu wakija kutafuta mitindo ya Kimarekani na kuondoka mikono mitupu. Akashirikiana na Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa, kusukuma mradi ulioitwa Index of American Design.

Mamia ya wachoraji wakatawanyika kwenye makumbusho na nyumba za watu. Walichora mitungi, makasha ya mahari, wanasesere, jogoo wa bati wa kuonyesha upepo, sanamu za mbao za omo la meli, viti vya jumuiya ya kidini ya Washaker visivyo na pambo hata moja. Kwa nini wasipige picha tu? Picha za rangi enzi hizo zilikuwa ghali na rangi zake hazikuaminika.

Mbinu yenyewe ilitokana na ile ya kunakili michongo ya kale ya Misri: rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kitu kikiwa peke yake kwenye karatasi nyeupe. Aliyezoea kuambiwa kwamba msanii hutambulika kwa mkono wake atashangaa, maana hapa mkono ulitakiwa ujifiche. Hata hivyo, ukilitazama blanketi la Fossum, ni vigumu kumwita mtu huyo mnakili tu.

Mradi ulifungwa mwaka 1942, ukiacha michoro ipatayo 18,000 ambayo sasa iko National Gallery of Art, Washington. Pengo lake kubwa ni la makusudi: kazi za Wahindi Wekundu, wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo, ziliachwa nje kwa hoja kwamba wanaethnografia walikwisha kuzishughulikia. Hivyo mkusanyo uliokusudiwa kuonyesha ubunifu wa Marekani unaanza na waliohamia.