Saa 48 za kutengeneza gemu: Je, kijana wa mkulima wa Singida anafaidika nini?

Gemu za kwenye simu zinachezwa na vijana wengi mkoani Singida, lakini ni wachache wanaojua kwamba gemu ndogo inaweza kutengenezwa na watu wanne kwa siku mbili tu. Kazi hiyo hufanyika katika kambi za wikendi zilizoenea duniani. Kwa mzazi ambaye ni mkulima au mfanyabiashara mdogo, swali ni moja: kijana akienda huko, atarudi na nini?

Kambi inayojulikana zaidi ni Global Game Jam, iliyoanza Januari 2009 katika nchi 23. Hufanyika kila Januari. Ijumaa jioni mada hutangazwa na washiriki hujigawa katika vikundi. Mmoja huandika programu, mwingine huchora, mwingine hutengeneza sauti na mwingine hupanga kanuni za mchezo. Jumapili jioni kila kikundi huonyesha kazi yake. Miaka ya karibuni ratiba imelegezwa na kufikia juma zima, lakini saa 48 ndizo asili yake. Hakuna zawadi ya fedha.

Gharama zake

Programu za kutengenezea gemu si tatizo. Godot, kwa mfano, ni ya bure, na ukishaipakua unaweza kuitumia bila intaneti. Gharama zipo kwenye kompyuta, umeme, bando, na nauli na malazi kama kambi iko mbali na nyumbani.

Kuna gharama nyingine ambayo mara nyingi husahaulika. Kwa mkulima wa Singida, Januari ni mwezi wa kazi shambani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na palizi ikichelewa mavuno hupungua. Kijana akiondoka siku tatu, mzazi apige hesabu ya kibarua atakayeziba nafasi yake. Hiyo nayo ni gharama ya kambi, hata kama haina risiti.

Faida iko wapi?

Faida haipatikani Jumapili jioni. Mwaka 2013, watu wanne wa kampuni ya Bossa Studios ya London walitengeneza gemu ya daktari wa upasuaji katika kambi hiyo. Ilipendwa, ndipo kampuni ikatumia siku nyingine 48 kuiboresha kabla ya kuiingiza sokoni kwa jina la Surgeon Simulator 2013. Saa 48 zilithibitisha wazo. Biashara ilikuja baada ya kazi ya ziada. Ni sawa na mkulima anayejaribu mbegu mpya robo eka kabla ya kuipanda shamba zima.

Jirani zetu wa Kenya nao wana somo. Mwaka 2011 kampuni ya Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, gemu ya kuendesha matatu. Hawakuiga magari ya Ulaya. Walichukua kitu ambacho kila mkazi wa Nairobi anakijua.

Sisi Singida tunajua alizeti. Fikiria gemu ambayo mchezaji ana magunia 20 mwezi Juni, na ada ya shule inadaiwa. Auze leo kwa mlanguzi, ahifadhi akisubiri bei, au akamue auze mafuta, na mashudu awalishe kuku? Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, na waliohifadhi kwa matumaini waliumia. Katika gemu, mtu anaweza kupata hasara hiyo mara kumi bila kupoteza gunia hata moja. Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kununuliwa na vyama vya ushirika, wauza mbegu au mashirika yanayofundisha wakulima.

Ushauri

Kabla ya kijana kwenda, mambo manne yazingatiwe. Kwanza, ajifunze programu mapema, kwa sababu kambini hakuna muda wa kuanzia sifuri. Pili, kikundi kiandikiane nani anamiliki kazi, kwani ugomvi huja fedha zinapoonekana. Tatu, wachague wazo dogo linaloweza kumalizika. Nne, gemu ikishakamilika, wawape wakulima mnadani waicheze, na waone kama wanaielewa bila kuelekezwa.

Wakulima wakiikubali, hapo kuna sababu ya kutafuta mnunuzi. Wakiikataa, hasara itakuwa ya siku chache tu, na kijana atarudi shambani palizi ikiwa haijaharibika.