Waitikiaji Walipopokea Umanju
Makala ya pili katika mfululizo juu ya wanamuziki wa kujitegemea

Katika makala iliyotangulia nilijaribu kubainisha ni nani hasa anayestahili kuitwa mwanamuziki wa kujitegemea, nikasema kuwa ni yule asiye na mwenye bendi wa kumlipa ujira wa mwezi, wala kampuni kubwa iliyomfunga kwa mkataba wa miaka mingi, na ambaye yeye mwenyewe huamua wimbo upi uimbwe, urekodiwe wapi, upelekwe kwa hadhira gani, na mapato yake yagawanywe vipi baina ya wale walioutunga na kuuimba. Leo nakusudia kuweka mbele ya wasomaji mfano mmoja tu, niueleze kwa wasaa. Na ingawa mfano huo umetoka Ugogo ukapitia Bagamoyo, mbali na uwanda wetu wa Ufipa na baridi yake, nimeuchagua makusudi, maana kila ninapousikiliza nawaona ndani yake akina mama wa Laela, wa Mpui na wa Chala, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiziitikia nyimbo zetu bila jina lao kutajwa popote.

Tarehe 7 Juni 2024 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa santuri iitwayo Maisha, kazi ya wanawake wawili waliojipa jina la The Zawose Queens. Wa kwanza ni Pendo Zawose, binti wa marehemu Hukwe Zawose. Wa pili ni Leah Zawose, mjukuu wake. Kwa wasomaji vijana ambao huenda wanalisikia jina la Hukwe kwa mara ya kwanza, yafaa nieleze kwamba mzee huyu wa Kigogo, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa wasanii walioitwa Dar es Salaam katika zama za Mwalimu Nyerere, wakati taifa changa lilipokuwa likikusanya ngoma za mikoa ili lijitambue kwa fani zake lenyewe. Baadaye alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo twakijua kwa jina la TaSUBa, akajenga makazi yake huko pwani pamoja na jamaa zake wengi, hata ukoo ule ukawa ni chuo cha pili kando ya chuo. Mwaka 1985 santuri ya Tanzania Yetu, aliyoipiga pamoja na wenzake, ilitoka Uingereza. Mwaka 1996 ikafuata Chibite chini ya Real World, akiwa na mpwawe Charles. Na baada ya hapo akashirikiana na mpiga gitaa Michael Brook katika kazi iliyoitwa Assembly.

Basi Pendo na Leah hawakutoka katika nyumba isiyojua muziki. Lakini hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji alizingatie. Kwa desturi ya Wagogo, wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, ambazo huzibana mapajani na kuzipiga kwa viganja kwa ustadi ambao mwanamume hathubutu kuuigiza. Ama ilimba na zeze, vyombo vinavyouongoza wimbo na kumpa manju cheo chake, hivyo aghalabu vilikuwa mikononi mwa wanaume. Katika vikundi vya ukoo wa Zawose vilivyozunguka dunia, wanawake waliimba nyuma na kucheza kwa nderemo, wakaitikia kila neno la kiongozi kwa usahihi usio na kifani, kisha pazia likateremshwa. Walikwisha kurithi kila kitu, sauti, mapigo, maneno na adabu ya jukwaa, isipokuwa mahali pa mbele. Santuri ya Maisha ndiyo iliyowapa mahali hapo, na kwa kadiri ya fahamu zangu sioni tukio la muziki wa asili nchini mwetu katika miaka ya karibuni lililokuwa na uzito kuliko hilo.

Ili tupate kuelewa ni amana ya namna gani waliyoipokea, hatuna budi kukitazama chombo chenyewe. Ilimba ni sanduku la mbao lililopangwa juu yake ndimi za chuma, ndefu kwa fupi, ambazo hudonolewa kwa vidole gumba na vya shahada. Ila si ndimi zote zinazodonolewa, kwani fundi huweka nyingine ambazo hazikusudiwi kuguswa kabisa, nazo huitikia zenyewe kila ndimi za jirani zinapotikisika. Juu ya tobo la sanduku hutandazwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mvumo mwembamba unaoandamana na kila sauti, mvumo ambao msikilizaji aliyelelewa na kinanda cha kanisani huudhania kuwa ni kasoro ya chombo, ilhali fundi ameutafuta kwa bidii na asingekubali kukiuza chombo kisichokuwa nao.

Kadhalika ziko sauti zenyewe. Wataalamu wa muziki, hasa Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imetokana na maumbile ya sauti yenyewe: yaani, ukichukua sauti moja nzito ya chini, ndani yake mna sauti nyingine nyembamba ambazo mitikisiko yake ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo, nao Wagogo wamezichukua zile kuanzia ya nne hadi ya tisa wakajengea muziki wao. Sasa ile ya saba haimo katika kinanda. Ipo chini ya ufunguo unaoikaribia kwa karibu theluthi moja ya hatua ndogo, na mwalimu yeyote wa kwaya hapa Sumbawanga, akimsikia mwanakwaya wake akiimba hivyo, atamsimamisha na kumsahihisha, naye kwa mujibu wa daftari lake la solfa atakuwa na haki. Sisemi kwamba kwaya zetu zimekosea. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Karema mwaka 1885 zimekuwa fahari ya nchi hii, nazo zimewafundisha maelfu kusoma muziki. Ninachosema ni kwamba sikio lililofundwa ngazi moja tu huziona ngazi nyingine zote kuwa ni makosa, na kwa njia hiyo mambo mengi yamefutwa bila mtu yeyote kuamuru yafutwe.

Santuri hii ilirekodiwa hapa hapa Tanzania, na watayarishaji wake wawili, Oli Barton-Wood na Tom Excell, ndio waliofunga safari kuwafuata waimbaji. Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini historia yaonyesha si dogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari mpaka Bombay ili sauti zao zitiwe katika sahani, kwa sababu mitambo ilikuwa huko. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliizunguka Tanganyika na gari lake lenye mitambo, akanasa nyimbo za makabila mengi kwa uangalifu ambao hata leo twaunufaikia; walakini alipoondoka aliondoka na kanda, na mwenye kutaka kuzisikia nyimbo za babu yake akapaswa kuziomba Afrika ya Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Zama za Radio Tanzania zilileta nafuu, kwani studio ilikuwa yetu, ila msanii wa Ufipa alikuwa na safari ya siku kadhaa, kwa njia ambayo wakati wa masika haikuwa njia, kabla hajaufikia mlango wake. Leo mtambo wamfuata mwimbaji, naye huimba akiwa amezungukwa na jamaa wanaojua kila neno la wimbo, wenye kumwambia papo hapo kwamba ubeti huu umeuruka au pigo hili limechelewa. Tofauti hiyo yasikika: kuna ukunjufu katika sauti za Pendo na Leah ambao sidhani ungepatikana katika chumba kilichofungwa huko ugenini.

Je, zile sauti za mitambo walizoongeza watayarishaji zimeuharibu muziki? Wako watakaosema hivyo, na hoja yao siidharau. Kwangu mimi, pale ambapo mvumo wa mitambo umewekwa chini ya muheme, ukabaki chini, wimbo umepata kina. Na pale ambapo umepanda ukashindana na ngoma, nimetamani ungenyamaza. Lakini hukumu hiyo ni ya masikio yangu, na wenye wimbo waliridhia. Tena si wao wa kwanza katika ukoo huo: Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, aliitoa Uhamiaji mwaka 2017 kwa njia hiyo hiyo, na vijana wa singeli wa Dar es Salaam, ambao mwaka huo huo walikusanywa katika santuri ya Sounds of Sisso na kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, wamekwenda mbali zaidi, hata mapigo yao yamekuwa ya kasi ambayo mguu wa mtu mzima hauwezi kuifuata.

Kiangazi cha mwaka ule ule wa 2024 Pendo na Leah wakapanda jukwaa la Womad huko Uingereza, tamasha lililoanza mwaka 1982 na ambalo ndilo chimbuko la kampuni ya Real World yenyewe. Kuimba mbele ya maelfu wasiojua Kigogo wala Kiswahili ni mtihani wa peke yake. Nyumbani wimbo hauna saa; waweza kuendelea muda wote maadamu wapo wanaoitikia, na manju hutunga maneno mapya kwa kuwatazama waliofika, akimsifu huyu na kumwonya yule. Jukwaani saa moja ni saa moja, na msikilizaji hawezi kuitikia neno asilolijua; kwa hiyo mwimbaji hulazimika kuyahamishia mazungumzo kwenye mapigo, na kwenye njuga za miguuni, na kwenye uso wake. Wanawake waliokwisha kuitikia kwa miaka mingi wana maarifa makubwa katika jambo hilo kuliko manju aliyezoea kuitikiwa, kwa kuwa kazi yao yote ilikuwa kusikiliza kwanza ndipo watoe sauti.

Mtu ataniuliza: ikiwa wamo chini ya kampuni ya Uingereza, kujitegemea kwao ni kupi? Ni swali la insafu. Real World si kampuni ya kuajiri waimbaji na kuwaamuru. Huchapisha na kueneza kazi, na msanii hubaki na kundi lake, nyumba yake na nyimbo zake. Hata hivyo uhuru huo huwa na maana pale tu makaratasi yanaposomwa kabla ya kutiwa saini, na hapa ipo taabu inayouhusu muziki wa asili kuliko muziki mwingine wowote. Wimbo alioutunga mtu mmoja una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda. Lakini wimbo wa harusi, ulioimbwa na bibi wa bibi wa mwimbaji, mwenyewe ni nani? Sheria hiyo hiyo imetenga sehemu kwa ajili ya sanaa za jadi, ikataka anayezitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili aombe idhini. Wachache mno miongoni mwa waimbaji wetu wanalijua hilo, na wachache zaidi wamewahi kulidai.

Sasa nirudi nyumbani. Ufipa haina Hukwe wake aliyejulikana duniani, na mara nyingi nimewasikia watu wakilitaja hilo kama kwamba ni dalili ya umaskini wa sanaa. Mimi naikataa hukumu hiyo. Mwanachuoni Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikusanya hadithi zetu za jioni, zile ambazo Kifipa huziita imilaango, akazichapisha katika kitabu mwaka 1978. Na yeyote aliyepata kukaa karibu na moto wa bibi yake anajua kwamba hadithi ya Kifipa haikamiliki bila wimbo unaokatiza katikati yake, ambao msimulizi huuanza na watoto wote huuitikia. Vivyo hivyo wahunzi wa malungu, zile tanuru ndefu zilizopita kimo cha mtu na kuvuta upepo zenyewe bila mivuo, walijenga na kuchoma huku wakiimba, na tanuru ikapewa heshima ya bibi-arusi. Chuma cha kigeni kilipofika kwa bei rahisi moto wa malungu ukazimika. Magofu ya tanuru yamebaki yakionekana katika mashamba, ila nyimbo zake, nani leo aziimba? Udongo uliochomwa wadumu pasipo mtu wa kuutunza, bali wimbo hufa siku ile ile anapokufa wa mwisho aliyeujua.

Nyimbo za harusi, kwa rehema za Mungu, zingalipo. Baada ya mavuno, mahindi na maharage yakiisha kuingia ghalani, utazisikia kuanzia bonde la Rukwa mpaka Kasanga ziwani, na waimbaji wake karibu wote ni wanawake, wenye kupokezana kwa utaratibu ambao wao wenyewe huuona wa kawaida, na ambao mgeni mwenye elimu ya muziki angeushangaa. Naliona kosa letu katika mahali tulipoielekeza kamera: tumezoea kukodi mpiga picha amnase bwana-arusi na gari lake na meza ya keki, hata akina mama wanapoanza kuimba, mwenye muziki wa spika huongeza sauti kuwazima. Laiti katika kila harusi mtu mmoja tu angepewa simu na kuagizwa asimame karibu na waimbaji, aombe kwanza ruhusa yao, anase wimbo tangu mwanzo mpaka mwisho pasipo kuukata, kisha aandike jina la aliyeuanzisha, majina ya walioitikia, kijiji, tarehe, na maneno yote ya Kifipa pamoja na maana yake kwa Kiswahili, basi kwa miaka michache tungekuwa na hazina isiyohitaji kuombwa Afrika ya Kusini wala Uingereza, na miongoni mwa waitikiaji wale wangejitokeza mabinti wa kuipeleka mbele, kama walivyojitokeza wale wawili wa Bagamoyo.

Nakala moja ya kila wimbo na ibaki kwa waimbaji wenyewe, kabla ya kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Namna ya kuandika mapatano mafupi baina ya anayerekodi na wanaoimba, hasa kile kifungu cha kugawana mapato baina ya manju na waitikiaji, nitaieleza katika makala ya tatu.