Leteni Simu

Kitu ya kwanza nahodha alituitisha ilikuwa simu.

Jeti ya Shimoni ilikuwa ishaanza kukuwa ndogo nyuma yetu. Saa kumi na moja jioni, jua imelainika upande ya bara, injini inanguruma polepole, na mbogi yetu ya wasee wanne imekaa kwa mbao za mashua ka watoi wa nasari siku ya kwanza. Mzee akageuka, akasema, "Haya wanangu, leteni simu." Mikono zote zikaingia mfukoni. Konda akatoa zake mbili. Mi nikatoa yangu. Mzee akatucheki, akatabasamu, akainama na kuvuta ndoo yenye ilikuwa kando ya miguu ya kinyozi. Ndani kulikuwa na visamaki viduchu, tumbo ka fedha, vimelala kwa barafu. Huku pwani hao ndio simu. Ndio chambo.

Wacha niwaambie mbogi ni nani. Konda ni wa mathree za Kayole. Huyo anaweza hesabu chenji ya gari mzima na vidole za mkono moja, ile ingine imeshika mlango. Kinyozi ako na kiti yake Umo, na mkono yake haitetemeki hata akichora laini kwa kichwa ya mtoi mwenye analia. Dem anauza mitumba Gikosh. Anafungua belo ngware, giza bado, anaingiza mkono ndani na kukuambia hii ni pamba, hii ni sufu, hii ni kamera, mali safi, hii ni ya kupiguzia gari, bila kuangalia. Mi ndio naandikanga. Nimeanza na mikono ju hiyo usiku, mikono ndio ilifanya kazi yote.

Kila mwaka fomu yetu ya Coasto ilikuwa moja. Tunaland, tunapiga luku, tunaingia klabu za Mtwapa hadi ngware, picha tatu ufuoni, tunarudi Kanairo tumesota. Bahari yenyewe tulikuwa tunaichukulia ka ukuta ya kupigia picha. Dem ndiye alisema mwaka hii zii. Ako na kastama wa jumla, msee wa Shimoni mwenye hubeba nguo za watoi kwenda kuuza Kwale, na baba yake huyo msee ni nahodha. Walikuwa wamebonga kitambo: siku moja mkuje mlale kwa maji. Tukachanga thao nne kila mtu, ya mafuta, barafu, chambo na jasho ya mzee na baharia wake. Treni ya kushuka Mombasa ilikuwa thao na punch. Kutoka Miritini tukapitia Dongo Kundu, feri ya Likoni hatukuiguza, halafu Ukunda, Msambweni, hadi Kanana, unapinda kushoto na kufuata barabara mpaka iishie kwa maji.

Tarehe hatukuchagua sisi. Mzee aliichagua kwa mwezi. "Mkija na bamvua mtavua maji matupu," alituambia wiki mbili kabla. Bamvua ni ile maji kubwa inakujanga mwezi ukiandama ama ukiwa mzima. Jua na mwezi zimepangana laini moja, zinavuta pamoja, so bahari inajaa sana na kupwa sana, na mkondo unakuwa na hasira. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inabebwa kando kabla ifike chini. Lakini mwezi ukiwa nusu, jua inavuta huku, mwezi inavuta kule, nguvu inagawanyika. Hiyo wanaiita maji mafu. Chubwi inashuka wima na kutulia. So tulienda katikati ya Februari, mwezi nusu, kaskazi ishaanza kupoa. Ukileta hii fomu wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hiyo ni ngori. Mawimbi yanasimama, na wavuvi wengi wa vyombo vidogo hawatoki nje ya miamba.

Kabla giza iingie mzee alisimama wima akaanza kutafuta alama. Mlima Jombo, ule wenye ncha uko kule bara, akaupanga na ncha ya kisiwa cha Wasini. Halafu akageuza shingo, akapanga alama zingine mbili upande wa pili. Laini mbili zikikutana, hapo ndipo. Alionyeshwa hapo na babake. Hifadhi ya Kisite tuliizunguka kwa mbali. Ndani ya Kisite hakuna kuvua, na mzee hakungoja mtu amwambie. "Samaki wakijazana humo hutoka wenyewe," akasema. "Mimi nawangoja mlangoni." Mbele zaidi, ukielekea Pemba, sakafu ya bahari inaporomoka hadi mamia ya mita, na ng'ambo ni Tanzania. Hatukufika huko. Tulisimama kwa bega ya huo mteremko, nanga ikaenda chini, injini ikanyamaza.

Injini ikinyamaza ndio bahari inakushika. Mashua ikaanza kuyumba kushoto, kulia, kushoto, na konda, mwenye huning'inia kwa mlango ya mathree kwa spidi ya kuogofya, akashikwa na kichefuchefu hadi jasho ikamtoka. Alitapika mara mbili. Hakuna mwenye alimcheka. Baharia akampatia kipande ya tangawizi atafune, akamkalisha katikati ya chombo mahali inayumba kidogo, akamwambia akazie macho taa za nchi kavu. Halafu mzee akamtupia mshipi. "Mikono ikipata kazi, tumbo hutulia." Na kweli, baada ya ka nusu saa rangi ya uso yake ikarudi.

Sasa mshipi. Msidhani ni fimbo na mashine ya kuzungusha. Ni nailoni nene imezungushwa kwa kipande ya mbao, ndoana mbili, na chubwi ya karibu nusu kilo. Unavaa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa vidole, ju nailoni ikivutwa inakata nyama ka wembe. Unaachilia. Inaenda, inaenda, inaenda. Baharia alikuwa anahesabu kwa pima, na pima ni urefu wa mikono mbili zikinyooshwa, ka mita moja na nukta nane. Alihesabu pima 35. Hiyo ni mita 63, sawa na kushusha kamba kutoka gorofa ya ishirini hadi chini, gizani, na huoni hata mita mbili za kwanza. Halafu ghafla inalegea. Chubwi imekaa. Unainua pima moja ndoana ziachane na mwamba, unalaza nailoni kwa kidole ya shahada, unanyamaza.

Mwenye aliskia wa kwanza alikuwa dem. Alikuwa amefunga macho. "Kuna mtu anagonga," akasema, sauti chini kabisa.

"Huyo changu," mzee akamjibu. "Mwache ale. Akitaka kuondoka nacho, ndipo umpige."

Akangoja. Mi ningevuta kitambo. Halafu mkono yake ikaruka juu, akaanza kuvuta, mkono kwa mkono, nailoni ikirundikana miguuni, na baada ya dakika kadhaa changu akatokea kwa taa ya chombo, mweupe, midomo minene, ka kilo moja na nusu. Tulipiga kelele hadi Pemba nadhani walituskia.

Usiku wote ukageuka darasa ya kuskiza na ngozi. Changu anagonga haraka haraka, ka mtoi wa jirani mlangoni. Kolekole hagongi, anakuja na mbio, mshipi inakimbia kando. Tewa ni mzito, anashika mara moja na kugeuka kurudi kwa shimo yake, na akishaingia hapo umempoteza pamoja na ndoana. Mwamba nayo inashika lakini haipumui. Konda alichelewa kuelewa hiyo ya mwisho. Alipigana na jiwe robo saa. Kinyozi alikuwa na utulivu. Dem alikuwa level yake pekee. Kila mara aliniambia "ako hapo kwako", na alikuwa anaskia tu vile mashua inatetemeka. Mzee alimcheki akasema amevua na watu wengi, na vidole ka hivyo haoni kila siku. Dem alinyamaza. Lakini nilimwona akiziangalia hizo vidole zake, zenye Gikosh wateja huzidharau ati ni za mtu wa kuchokora nguo.

Saa mbili usiku mtandao ulikata. Kila msee alijaribu kuinua fon juu mara moja moja, halafu tukaziweka kwa mfuko ya plastiki na kusahau. Neno simu lilitoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya. Mwaka wa 2009 waya mbili za intaneti, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa zikipitia chini ya bahari, na ya SEACOM iliendelea kushuka kuelekea Dar es Salaam hadi Afrika Kusini. So mahali fulani kwa hii bahari, kwa giza hii hii, video za Kanairo zinapita zikiwa mwanga. Na juu yake sisi, mtandao hakuna, tumeshika waya ya nailoni tukingoja mtu agonge. Nilikaa na hiyo fikra saa mzima. Sijawahi skia mtu akiniita kwa fon vile niliskia ule changu wangu wa kwanza akiniita kwa kidole.

Kitu saa sita, ile nusu ya mwezi ikazama upande ya bara. Kilimia, ule mkusanyiko wa nyota ndogo, ikazama karibu nayo. Ikabaki giza totoro. Hapo ndio maji ilianza kuwaka. Ukivuta mshipi, vimulimuli vya buluu vinapanda nayo. Ni viumbe viduchu sana vyenye vinatoa mwanga vikisumbuliwa. Kinyozi alitia mkono kwa maji akaizungusha polepole, akaangalia moto baridi ikimzunguka vidole, akasema tu, "Buda." Ngisi nao wakaanza kukuja kwa taa, wanaogelea nyuma nyuma, na baharia akawachota watatu wa chambo. Upande wa kusini msalaba wa nyota ulikuwa unapanda.

Tewa alikuja saa nane na kitu. Dem tena. Safari hii hakuskia mlango ukigongwa. Mkono yake ilivutwa hadi ubavu ya chombo. "Usimpe! Usimpe pima hata moja!" mzee alipaza sauti mara ya kwanza usiku mzima, ju tewa anashindwa ama anashinda kwa zile pima chache za mwanzo. Kinyozi akashika mshipi nyuma yake, wakavuta pamoja, mmoja akishika mwingine akiachilia, bila kubonga. Katikati ya njia samaki akawa mwepesi tu, na nikafikiria ameng'oka. Hakuwa ameng'oka. Tewa wa kilo tisa alitokea juu tumbo imejaa, macho imetokeza, mfuko wa chakula umesukumwa hadi mdomoni.

Hiyo kitu ilinishtua, na mzee aliona. Chini kule, mita 63, maji inakandamiza zaidi ya mara saba ya hewa ya huku juu. Samaki ako na kibofu cha hewa ndani yake. Ukimvuta haraka, hiyo hewa inatanuka na inasukuma kila kitu nje. Ndio maana huwezi sema utamrudisha. "Ukimtupa ataelea tu, na ndege watamla," mzee akatuambia. So uamuzi unafanywanga kabla, si baada. Yeye anatumia ndoana kubwa ili wadogo wasiimeze. Na vile tulianza kutoa changu wa ukubwa wa mkono wa mtoto, wawili mfululizo, hakungoja wa tatu. Aliamuru nanga ing'olewe tuhame. Tewa naye, alisema mmoja anatosha pale. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi ya wakubwa hugeuka madume. Ukitoa wakubwa wote kwa mwamba moja, umeivunja boma. Nimeskia wasee wengi wakibonga juu ya kulinda bahari wakiwa kwa hoteli zenye baridi. Huyu mzee alikuwa anachoma mafuta saa nane usiku kuachia changu wadogo mahali pao, na hakuna mtu alikuwa anampigia makofi.

Alfajiri mzee alichukua udhu na maji ya bahari, akaswali akiwa ameketi kwa mbao. Tulizima maneno. Mashariki, juu ya Pemba, mstari wa rangi ya chungwa ulifunguka.

Tulipofika kwa diko, pale samaki hushushwa, wakina mama karanga, wale hununua na kukaanga samaki, walikuwa washafika na ndoo. Samaki wakagawanywa: fungu la chombo, fungu la nahodha, la baharia, na letu. Tewa akaenda kwa mizani. Changu wetu wanne tukampatia mama mmoja, akawapasua mgongo, chumvi, ndimu, karai. "Kaeni wanangu, mmekesha," akasema, na akaongeza mahamri na mbaazi yenye hatukuwa tumeitisha. Samaki yenye mi najua Kanairo ni tilapia na omena ya kupimwa na gorogoro. Huyu changu alikuwa na ladha ya mahali, na nilijua hadi vile alikuwa anagonga. Konda alimanga wawili.

Kidole yangu ya shahada ilikuwa na alama ya nailoni wiki mbili. Kwa treni tukirudi, karibu Voi, nilishtuka usingizini nikidhani kuna mtu anavuta. Nikafungua macho nikaona dem amekaa mbele yangu, macho imefungwa, kidole yake iko juu kidogo hewani.

Juzi fon yangu ililia nikiwa kwa kiti ya kinyozi. Ilikuwa Shimoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Maji mafu ni Jumanne ijayo," mzee akasema. "Na simu zipo tele."

Kinyozi akazima mashine. Nikaanza kuhesabu thao nne.