Sinki la kusubu au la dukani?

Aluminiamu chakavu huuzwa kwa kilo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na sinki jipya. Ndiyo maana mwenye tanuri uani hushawishika kujisubia lake. Kabla hujawasha mkaa, piga hesabu yote.

Chukua sinki la sentimita 50 kwa 40, kina 18. La dukani ni bati la stenlesi lenye unene wa milimita moja hivi, lililokandamizwa kwa mashine. Lina uzito wa kilo nne hivi. Aluminiamu ya kumimina huganda kabla ya kujaza nafasi nyembamba kiasi hicho. Ukiipa unene wa milimita 6, sinki tupu litakula kilo 9, na pamoja na mifereji ya kumiminia utayeyusha zaidi ya kilo 12. Zote lazima zimiminwe kwa mkupuo mmoja, moto ukiwa umepita nyuzi 660. Ukisita kidogo, mikondo miwili hukutana ikiwa imepoa na kuacha mshono unaovuja. Hapo unavunja kalibu na kuanza upya.

Ongeza chungu cha kubeba uzito huo, fremu kubwa ya mchanga, mkaa, na mtu wa pili wa kushika koleo. Mchanga ukiwa na maji mengi, mvuke hurusha aluminiamu ya moto usoni.

Fundi wa kusubu ana vifaa hivyo tayari, kwa hiyo unalipia chakavu na ujira tu. Hata hivyo, sinki la aluminiamu lina adui wake: magadi makali ya kuzibulia mabomba huila, na sabuni kali huifubaza. Stenlesi huvumilia vyote viwili.

Kusubu nyumbani hulipa pale kalibu moja inapotoa vipande vingi vidogo: mikuki ya geti, vishikizo vya kabati, mapambo ya ngazi. Kimoja kikiharibika, unakirudisha chunguni. Kwa kazi hizo tafuta pistoni na rimu za aluminiamu za gari. Makopo ya soda ni membamba, na sehemu yake huishia kuwa taka zinazoelea juu.

Kwa hiyo sinki nunua, mikuki ya geti subu. Ukitaka kitu kikubwa cha umbo lisilopatikana dukani, mpelekee fundi, na ujaze maji kuhakikisha hakivuji kabla ya kumlipa.